Netiwaki Ilikaa Chumbani Mwangu

Nyinyi vijana wa vibanda vya simu pale mjini Kisii, mnaoniita Mzee Netiwaki kila nikipita, leo nawajibu. Nimewasikia mnavyocheka. Yule wenu mwenye kibanda cha kijani aliniuliza juzi, "Mzee, ati zamani ulikuwa unatembea shambani ukitafuta hewa na simu mkononi?" Wenzake wakaangua kicheko. Nilipita kimya kwa sababu nikikasirika Kiswahili hunikimbia, nabaki na Kigusii kitupu, na Kigusii changu cha hasira si cha kusemwa mbele ya wateja. Sasa nimeketi, nimekunywa chai yangu, Kiswahili kimerudi. Hasira haijaondoka, lakini hiyo nimeizoea.

Ni kweli nilitembea na simu juu kama mtu anayeomba mvua. Jina mlilonipa nilipewa kwanza Gesima, mwisho wa miaka ya tisini, na waliolianzisha walikuwa watu wazima. Lakini hamjui lilikonifikisha, ndiyo maana mnacheka.

Mimi ni fundi wa redio. Nilifundishwa na Mhindi mmoja aliyekuwa na duka la redio na vyombo vya stima pale mjini. Tulimwita Baba Jayesh, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Nikichoma waya vibaya alikuwa ananipokonya chuma cha kuchomea, anafanya mwenyewe, ananirudishia bila kunitazama. Lakini alinifunza jambo ambalo nyinyi hamlijui, na mnafungua simu kila siku: kabla hujafungua kitu, kisikilize. "Sikia kwanza, Mokua," alikuwa akisema. "Bisibisi baadaye. Wewe nafungua haraka kama mwizi." Nyinyi mtu akileta simu mmeshaichana tumbo kabla hajamaliza kueleza inauma wapi.

Alijua pia kuheshimu. Mimi ni Msabato, Ijumaa mchana nilikuwa naondoka kwenda nyumbani Gesima, narudi Jumatatu asubuhi. Hakuwahi kunung'unika. Yeye alikuwa na siku zake za kufunga na kuwasha taa, mimi nilikuwa na Sabato yangu.

Simu za kwanza zilipofika dukani zilikuwa nzito, na kichwani zilikuwa na kijiti cha eriali kilichochomoza kama pembe ya ndama. Watu walikuja kuzitazama tu. Baba Jayesh aliniketisha akanieleza kitu hicho ni nini, na mpaka leo sijasikia maelezo mazuri zaidi. Redio ya nyumbani, alisema, kazi yake ni kusikia. Mtangazaji ana mtambo mkubwa, anapiga kelele nchi nzima, wewe unategesha sikio. Simu ni redio inayosikia na pia inayojibu. Kusikia ni rahisi. Kujibu ndiyo kazi, kwa sababu hicho kidude cha mkononi kina pumzi ndogo na mlingoti uko mbali. Kwa hivyo unaweza kuona vijiti vya netiwaki kwenye kioo, na bado ukipiga mwenzako asikusikie. Yeye anafika kwako, wewe hufiki kwake.

Tulikuwa na wateja wa kila namna. Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa ndizi kutoka Kenyenya. Simu za wakati ule zilikuwa na vijiti pande mbili za kioo, upande mmoja vya chaji, upande wa pili vya netiwaki. Mama yule aliona vijiti vya upande mmoja ni haba, akaiacha simu kwenye chaji siku nzima ili viote. Alirudi dukani amekasirika. "Hii simu imekula stima mpaka imeshiba," alisema, "lakini upande huu mwingine bado iko na njaa." Nilimweleza kwamba chaji inatoka ukutani, netiwaki inatoka mlimani, na kwamba kadi ya kukwangua, ile ya kulipia maongezi, ni kitu cha tatu tena. Akaniuliza kwa nini basi wanaviweka vitu vitatu ndani ya kitu kimoja.

Mwingine alikuwa mkulima wa chai wa Nyacheki. Alinunua simu akaipenda kuliko ng'ombe wake wa maziwa. Aliogopa moshi wa jikoni na mvua, akaitia ndani ya kopo la kakao, akafunika, akalitundika darini. Akaja kulalamika kwamba tangu anunue hajapigiwa na mtu hata mmoja. Nilicheka mpaka nikashika meza. Baba Jayesh hakucheka. Alichukua kopo, akaweka simu ndani, akafunika, akaniambia nipige kwa simu ya duka. Kimya. Akafunua, ikalia. "Bati ni kioo cha redio," akamwambia yule mzee. "Mwanga nagonga kioo narudi. Hii pia nagonga bati narudi. Ndani ya kopo haingii, nje ya kopo naruka huku na huku." Lishikeni hilo neno la bati, mtalihitaji.

Tena Baba Jayesh alikuwa na sharti: usimuuzie mtu simu kabla hujamuuliza anaishi wapi. Kama kwao hakuna netiwaki, mwambie arudi nyumbani akanunue mbolea. Ndiyo sababu alinipa simu moja ya duka. "Tembea nayo kwenu," alisema, "niambie nashika wapi na wapi." Mlingoti wa kwetu haukuwepo bado. Ule tuliokuwa tukiunyatia ulikuwa mbali upande wa Kericho, na kwetu Gesima ni milima juu ya milima.

Basi Ijumaa nikishuka matatu nilikuwa napita kwenye mistari ya chai nikiwa nimeinua simu juu, natazama vijiti. Wachuma chai waliacha vikapu wakanitazama. "Mokua amesoma redio mpaka imemwingia," walisema. Hapo ndipo nilipoitwa Netiwaki. Nilitembea shamba letu lote, la jirani, mpaka mtoni. Nikaipata mahali pawili tu. Pa kwanza ni juu kabisa kwenye kilima cha nyuma ya kanisa, kupanda kwake ni magoti na viwiko. Pa pili ni ndani ya nyumba yangu mwenyewe, chumbani, juu ya kichwa cha kitanda, hatua chache kutoka dirishani. Ukisogea kwenda mlangoni, vijiti vinaanguka. Ukitoa mkono nje ya dirisha, vinaanguka. Hapo kitandani tu.

Mke wangu Kerubo alicheka. "Ata netiwaki imependa kulala," akasema.

Sasa, kama wewe si mtu wa kwetu, lazima nikueleze. Mwanamume wa Kigusii akishaoa na kujenga, baba yake haingii katika nyumba yake. Haingii kabisa. Atakuja uani, ataitisha kiti, ataletewa chai nje. Mvua ikinyesha atasimama chini ya upenu au aende zake. Na chumba cha kulala cha mwanawe hata kukitazama ni aibu. Tunaiita chinsoni, heshima ya baba na mwana, na baba yangu, niliyemwita Tata kama wote wanavyowaita baba zao huku, aliishika kuliko alivyoishika Biblia, na alikuwa mzee wa kanisa.

Na Tata alikuwa na mwana mwingine, mdogo wangu Ombati.

Ombati alikuwa mtu wa hasira za haraka. Mwaka mmoja bonasi ya chai ilipokuja vibaya, alichukua jembe akang'oa mistari ya chai iliyo chini ya nyumba, ile Tata aliyoipanda kwa mikono yake kabla sisi hatujazaliwa. Aliing'oa yote asubuhi moja, akarundika miti uani. Tata alitoka akaona. Hakupiga kelele. Alisimama langoni akasema, mbele yetu sote, "Ombati, usikanyage boma hili nikiwa hai." Ombati akaweka jembe chini, akaondoka na nguo alizovaa. Akaenda Nairobi. Hatukumwona tena.

Neno kama hilo kwetu si la kupeperuka. Mzazi akilitamka kwa mdomo wake, ni mdomo uleule utakaoliondoa. Mtu mwingine hawezi kumwondolea.

Kisha ikaja habari kwamba Ombati yuko hospitalini Nairobi, kifua kimemwangusha. Aliyeileta ni rafiki yake Sagini, kijana wa kwetu aliyekuwa na kazi huko na simu ya mkononi. Jumapili alasiri, saa za kuona wagonjwa, Sagini alienda wodini, akanipigia ile simu ya duka, na nilikuwa nimekaa kitandani kwangu nikiingoja. Akampa Ombati. Sauti yake ilikuwa nyembamba, inakatwa na kikohozi.

"Mokua," akasema, "nataka kuja nyumbani."

"Njoo. Sagini atakuleta."

"Tata alisema nisikanyage."

"Tata amekusamehe siku nyingi. Anakuulizia kila siku."

"Hiyo umeniambia wewe. Mimi nataka anipe yeye. Akisema njoo, nakuja hata kwa kubebwa. Asiposema siji. Siwezi kuvuka lango na hilo neno kichwani."

Nilimwambia nitamwandikia barua. Akacheka, kikohozi kikamkamata. "Barua utaandika ni wewe. Tata hajui kuandika."

Na hapa ndipo ninapoumia mpaka leo: Tata alikuwa tayari. Nilitoka mbio nikamkuta uani kwenye kiti chake, mguu wake mbovu ameunyoosha. Nikamwambia, Ombati yuko kwenye simu, anataka neno moja tu, njoo nyumbani. Macho yake yakajaa maji papo hapo. Akashika fimbo akasimama. "Iko wapi?" akauliza.

"Chumbani kwangu, Tata."

Akasimama vilevile, fimbo mkononi. Kisha akaketi tena.

"Lete hapa," akasema.

Nilirudi, nikamwambia Ombati asikate, nikatembea na simu kuelekea mlangoni. Nilipofika kwenye kizingiti vijiti vikaisha. Nikarudi, sauti ikarudi. Nikajaribu dirisha. Tata alisogea mpaka chini ya dirisha, nikamnyooshea simu kati ya mbao, akaiweka sikioni, akasema, "Ombati?" Kimya. Simu ile haikuwa na spika ya nje kama zenu. Ilikuwa ni sikio kwa sikio au hakuna. Nikamwomba. Kerubo akamwomba, akapiga magoti uani. Tata akanirudishia simu kati ya mbao. "Nitaingiaje kwa nyumba ya mwana wangu?" akasema. "Nitapita wapi mbele ya mke wake?" Ndani, simu ikakata.

Alasiri hiyo nilimchukia baba yangu. Naandika nilivyohisi. Nilimchukia, na nilimwona akilia, na kulia kwake hakukunipunguzia chuki.

Jumatatu nilimweleza Baba Jayesh. Hakusema mila zenu ni za ajabu. Alisema kwao pia kuna wakwe wanaofunika uso. Alitafuta dukani kama kuna eriali ya kuchomeka kwenye simu, na waya mrefu, tuitoe netiwaki nje. Simu ile haikuwa na tundu la kuchomeka. Kumbeba Tata mjini kwenye simu ya posta? Mguu ule ulikuwa haukunjiki, na barabara ya Gesima wakati wa mvua inashinda hata trekta. Kumbeba kwa kitanda mpaka kilimani? Tulimwambia. Akasema mtu akibebwa kwa kitanda hapa kwetu kila mtu hujua anapelekwa wapi, na yeye bado yuko hai. Mchungaji alikuja akamwambia Maandiko hayakatazi baba kuingia kwa mwanawe. Tata akamjibu, "Maandiko hayamjui Kerubo. Mimi namjua, ni mke wa mwanangu."

Jumapili iliyofuata Sagini alipiga tena, na mambo yakawa yaleyale. Ombati aliongea maneno machache, akachoka. "Mwambie asiumie," alisema. "Mwambie nitangoja."

Sasa ndipo alipoingia baba mdogo. Nyakundi alikuwa mdogo wa Tata, mtu wa sauti kubwa na suluhisho la kila kitu. Ng'ombe akivimba tumbo anajua dawa, kanisa likivuja anajua pa kupiga msumari. Nilipokuwa mjini kazini, aliita wazee wawili watatu, wakakaa, wakanywa uji, wakaamua. Uamuzi wao ulikuwa huu: nyumba ni kuta. Ukiondoa ukuta, iliyobaki si nyumba, ni kivuli kama cha kibanda cha kuuzia chai, na kivulini baba anaweza kusimama. Kwa hivyo waondoe ukuta wa chumba changu, upande wote, kitanda kitolewe, Tata asimame pale netiwaki ilipo na asiwe ameingia popote.

Nyumba yangu ilikuwa ya fremu za mbao na mabati, juu mabati na kuta mabati.

Nilifika Ijumaa jua likielekea kuzama. Nikaona kitanda changu uani kimefunikwa turubai. Kerubo amesimama karibu nacho, amejifunga leso, hanitazami. Upande wa chumbani wa nyumba yangu ulikuwa wazi kama mdomo wa pengo, na mabati yamerundikwa kwenye migomba, yamekunjwa na nyundo. Nyakundi alikuja akitabasamu, akipangusa mikono.

"Tumekumalizia kazi, Netiwaki," akasema. "Tata yako atasimama pale na roho safi."

Nilitoa simu mfukoni nikaenda nikasimama pale kichwa cha kitanda kilipokuwa. Nikainua. Hakuna. Nikasogea kushoto, kulia, nikachuchumaa, nikapanda juu ya kigoda. Hapakuwa na kijiti hata kimoja.

Mnakumbuka kopo la kakao? Bati ni kioo cha redio. Nguvu kidogo iliyokuwa ikitoka upande wa Kericho ilikuwa inaingia dirishani, inagonga ule ukuta wa mabati, inarudi, inakusanyika mahali pamoja pembeni mwa chumba, kama maji ya mvua yanavyokusanyika kwenye kona ya uwanja. Netiwaki haikuwa imekuja tu kukaa kwangu. Ukuta ule ndio uliokuwa ukiishika. Walipoondoa ukuta waliondoa netiwaki. Na hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa mtu pekee Gesima nzima aliyejua kitu kile kinavyofanya kazi, na nilikuwa safari moja ya matatu kutoka kwao, na wakanywa uji wakaamua.

"Si umesema iko hapa?" Nyakundi akauliza. "Sasa imeenda wapi?"

"Umeikunja na nyundo, baba mdogo," nikamwambia. "Iko pale kwa migomba."

Sabato ikaingia. Tata hakukubali nyundo igongwe katika boma lake siku ya Bwana, na mimi pia sikuthubutu. Tulikaa Sabato hiyo nzima tukitazama shimo. Kerubo alining'iniza blanketi. Jumapili asubuhi tuliyanyoosha mabati, tukayarudisha, tukapiga misumari. Ukuta ulisimama ukiwa na mawimbi na mikunjo. Nikajaribu pale pale. Hakuna kitu. Ukikivunja kioo halafu ukaunganisha vipande, hutauona uso wako kama ulivyokuwa.

Hapo nikakumbuka kaseti. Nilikuwa na redio kaseti yangu ya kurekodia. Nikaiweka uani mbele ya Tata, nikamwambia: sema, Tata, mimi nitapanda kilimani, nitampigia Sagini, nitaifungulia kwenye mdomo wa simu. Ni sauti yako. Ni mdomo wako. Tata aliitazama ile redio. Akavua kofia. Akakohoa, akaisalimia redio kwanza kama mtu, akaiuliza kama imeamka vizuri, kisha akasema maneno yake. Nilipotaka kumrudishia asikie kama yameshika, alikataa. "Neno likishatoka halirudi mdomoni," akasema. "Nenda."

Nilipanda kile kilima na redio mgongoni na betri mpya. Kulikuwa na ukungu. Juu niliketi kwenye jiwe, nikafuta kioo cha simu kwa pindo la shati, nikapiga. Ililia vizuri. Vijiti vilikuwa vimejaa, sijawahi kuona vimejaa hivyo. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kitufe cha redio.

"Mokua," Sagini akasema.

"Niwekee kwa sikio lake. Nimekuja na sauti ya Tata."

Nilisikia watu nyuma yake, na kigari kinasukumwa.

"Mokua, nimefika sasa hivi," akasema. "Kitanda kimetandikwa. Wanasema ametuacha asubuhi."

Nilikaa pale mpaka ukungu ukanilowesha. Netiwaki ilikuwa safi kabisa. Ndiyo maana mkiniambia leo simu hii ina netiwaki nzuri mzee, napita zangu.

Tulimleta Ombati. Gari lilisimama langoni, watu wamejaa, kina mama wanaimba. Na jeneza likasimama hapo hapo. Wazee walisema, na mara hii nilikubaliana nao, kwamba neno bado liko langoni, na mtoto hawezi kupita juu yake hata akiwa amelala. Tata aliondoe. Tata aliletwa, akashika nguzo ya lango. Akafungua mdomo. Haikutoka sauti. Akajaribu tena. Nyimbo zikanyamaza, kila mtu akamngoja. Nyakundi akasema kwa sauti yake kubwa, "Sema, ndugu, mvua inakuja," na nikatamani kumpiga.

Nikaenda nyumbani kwangu nikaleta redio. Nikaiweka chini, kati ya lango na jeneza, nikabonyeza.

Kwanza ilitoa sauti za kuku wa siku ile ya Jumapili, na Tata akikohoa, na akiisalimia redio. Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo akajizuia. Kisha sauti ikasema, taratibu, "Ombati. Inchwo inka. Mwanangu, njoo nyumbani. Ile chai imeota tena kwenye mizizi iliyobaki. Mimi nimelimeza lile neno. Njoo."

Wabebaji wakainua, wakapita.

Tata hakutembea nao. Alikuwa ameinamia redio, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Hakuwahi kusikia sauti yake mwenyewe maisha yake yote. Kaseti ilikuwa bado inazunguka.

"Huyo mzee ni nani?" akaniuliza.

"Ni wewe, Tata."

Akasikiliza mpaka utepe ukaisha wenyewe. Akavaa kofia yake.

"Amechelewa," akasema.